Orodha ya Fundi: Kijitabu kwa Wenye Magari wa Manyatta na Kisumu

Umepeleka gari kwa fundi pale Kondele kwa sababu moja tu: likipita kwenye mashimo ya Manyatta linagonga mbele, upande wa kushoto. Jioni unapigiwa simu. Shokapu mbili, bushi zote, mkanda wa taimingi, plagi, kusafisha nozeli, oili ya giaboksi, radieta, tairi nne. Mlio mmoja umezaa kazi nane, na jumla yake inakaribia karo ya muhula. Kijitabu hiki ni cha saa hiyo, kabla hujasema ndiyo wala la.

Magari mengi tunayoendesha hapa yaliingia nchini yakiwa yametumika. Kanuni ya KS 1515 inazuia gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Probox au Fielder nyingi hufika zikiwa zimekwisha kula miaka mingi Japani, kisha zinaongeza mingine kwenye barabara zetu. Gari la umri huo halikosi kasoro. Ukimwomba fundi mwaminifu kabisa alikague lote, atajaza ukurasa, na kila alichoandika chaweza kuwa kweli. Basi muulize hivi kwa kila kipengele: nisipotengeneza hiki mwezi huu, kitatokea nini? Na nionyeshe.

Hapo kwenye kuonyeshwa ndipo wengi wetu tunajiumiza wenyewe. Tunataka fundi atafute ugonjwa bure, tumlipe kwa kubadilisha spea tu. Mtu aliyelala chini ya gari lako saa nzima juani lazima ale, na kama kutafuta hakulipi, atakula kwenye spea. Kubaliana naye malipo ya ukaguzi kabla hajafungua boneti, hata kama utaondoka bila kutengeneza chochote. Kwa kazi kubwa, lipa fundi wa pili akague bila kumwambia wa kwanza alisema nini. Fedha hizo ni ndogo kuliko shokapu moja isiyohitajika.

Vitu visivyongoja ni vile vinavyoshika uhai: breki, usukani, tairi na boljointi. Anayetoka Kakamega akiteremka Riat kuingia Mamboleo, tena mara nyingi akiwa amebeba abiria, hawezi kuahirisha breki. Pedi ikibaki unene wa milimita 3, badilisha. Ukikanyaga pedali ikazama polepole, usiliendeshe gari hata hadi sokoni Kibuye. Kuhusu boljointi, gari liinuliwe kwa jeki, liwekwe juu ya standi imara, kisha fundi ashike gurudumu juu na chini alitikise. Likicheza, mwambie akuonyeshe mchezo huo unatoka wapi, maana beringi ya gurudumu nayo hucheza. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani haukusikii tena.

Sasa ule mlio wako. Kugonga kwa haraka haraka kwenye mashimo madogo mara nyingi hutoka kwenye linki, kile kifimbo chenye vichwa viwili kinachoshika fimbo ya kuzuia gari kuyumba. Ni spea ya bei nafuu. Shokapu iliyokufa huonekana: imelowa oili, na ukikandamiza kona ya gari kisha ukaachia, gari linaendelea kunesa. Bushi nazo zichunguzwe kwa kuzisukuma kwa chuma; mpira ukionekana umepasuka kabisa au umeachana na chuma chake, zibadilishwe. Nyufa ndogo za juu juu tu zinaweza kungoja.

Tairi ina ushahidi wake yenyewe. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata ikichakaa hadi kulingana navyo, imebaki milimita 1.6, na tairi hiyo imekwisha. Ubavuni tafuta tarakimu nne: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia hasa kama unanunua tairi iliyotumika. Na kama tairi imelika upande mmoja, usinunue nyingine kabla ya kupima alaimenti na bushi, la sivyo mpya italiwa vilevile.

Kundi la pili ni vitu vinavyoua injini. Joto la Kisumu halisamehe gari linalovuja maji. Kulanti ikipungua kila wiki, tafuta inakopitia. Ukingoja, silinda hedi itapinda na gasketi itaungua. Tusisitize jambo moja: fundi akikushauri aondoe themostati kwa kuwa nchi yetu ni ya joto, kataa. Injini itachelewa kupata joto lake na itakunywa mafuta zaidi, huku uvujaji wenyewe ukibaki palepale.

Oili je? Kuna injini inayotoa jasho na kuna inayodondosha. Tandika kadibodi chini ya gari usiku. Tone safi la maji baada ya kutumia eyakondishena si ugonjwa. Doa jeusi linaloongezeka kila siku ni kazi ya kufanya. Lakini unyevu wa zamani uliochanganyika na vumbi, wakati kiwango kwenye kijiti cha oili hakishuki, osha, kisha ukague tena baada ya mwezi.

Mkanda wa taimingi unastahili swali la peke yake: injini hii ina mkanda au cheni? Injini ya 1NZ, iliyomo kwenye Probox, Fielder na Premio nyingi za 1500, ina cheni. Ukiuziwa mkanda wa taimingi wa injini hiyo, umeuziwa kitu ambacho hakimo. Toyota 110 yenye 5A ina mkanda, na Subaru yenye EJ20 ina mkanda, tena ule wa Subaru ukikatika vali hugonga pistoni. Wenye magari hayo wasipuuze, na kama hawajui ulibadilishwa lini, watafute kibandiko cha Kijapani ndani ya boneti chenye kilomita.

Kusafisha nozeli na kuosha injini kwa dawa kabla ya kumwaga oili, kama gari halina dalili, ni vya kukataa kwa heshima. Oili ya giaboksi ni tofauti: hubadilishwa, ila giaboksi ya CVT iwekewe oili yake ya CVT, kamwe si ATF ya kawaida.

Taa ya injini ikiwaka, nambari inayosomwa na mashine inaelekeza mahali pa kutafuta tu. P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri. Kabla ya kununua koili mpya, fundi aihamishie ile iliyopo silinda ya pili. Nambari ikigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Isipogeuka, tafuta plagi, nozeli au waya.

Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu utengenezaji wa magari. Una haki ya kupewa makadirio kabla ya kazi, kuombwa idhini, na kurudishiwa spea ya zamani. Sema mapema: "Fundi, zile za zamani niwekee kwenye buti." Risiti iandikwe kilomita za gari siku hiyo.

Baada ya kuipima ile orodha ya kazi nane, tuseme umebaki na linki ya kushoto, tairi mbili za mbele na alaimenti. Oili ya giaboksi iandike kwenye daftari la gari, na tarehe ya mshahara ujao.