Msitoe Gari la Nyumba Kabla ya Kuketi Wawili



Katika kigango kimoja palifanywa harambee ya kusaidia makao ya watoto yatima. Watu walitoa mahindi, kuku na pesa. Kisha bwana mmoja akasimama, akaweka ufunguo mezani, akasema, "Gari letu ni la watoto hawa." Vigelegele vikapigwa. Mkewe, aliyeketi upande wa akina mama, alikuwa akisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, pamoja na umati.

Gari lenyewe lilikuwa la haibridi, aina ile yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ambayo betri yake huchajiwa kwa umeme wa nyumbani. Mama huyo ndiye aliyelichaji kila usiku, na asubuhi akapeleka watoto shuleni na mayai sokoni bila kutumia petroli nyingi. Kwa wiki tatu waliishi nyumba moja wakipeana salamu tu. Ndipo wakabisha hodi kwetu.

Ndugu zangu, kutoa ni kuzuri. Kosa lilikuwa kutoa peke yake kitu cha watu wawili. Tujifunze mambo manne.

1. Patanеni kwanza. Mmekuwa mwili mmoja, basi na mkono unaotoa uwe mmoja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema kuwa, katika ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi wala haitolewi zawadi bila idhini ya wote wawili. Hata pale sheria isipowabana, ahadi yenu ya altareni yawabana. Mume, usimwaibishe mkeo kwa sadaka. Mke, usimfiche mumeo lililo moyoni.

2. Msitoe kilema. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliomtolea Mungu wanyama vipofu na viwete. Gari lililowashinda ninyi kulitengeneza, masista wataliweza? Lipelekeni kwa fundi aliyesomea magari ya umeme, aipime ile betri kubwa. Fundi asiyejua asiguse nyaya nene za rangi ya chungwa, kwa maana umeme wake waweza kuua. Betri ikichoka, gari huenda mwendo mfupi kwa umeme na kunywa petroli zaidi. Waambieni wapokeaji ukweli huo. Wapeni na waya wa kuchajia.

3. Waulizeni wanaopokea. Wenzetu hawa walikwenda kwenye makao pamoja. Sista msimamizi alishukuru sana, kisha akasema kweli: umeme wao ni wa sola ndogo, barabara ni mawe na matope, na pesa za bima na dereva hawana. Kilichowasumbua ni maji. Watoto waliteka mtoni kila siku.

4. Kamilisheni karatasi. Kama gari lina mkopo na jina la benki limo katika logibuku, lazima benki iliachilie kwanza. Kisha badilisheni umiliki kwa NTSA kupitia eCitizen, liandikwe jina la taasisi iliyosajiliwa, si la mwenyekiti wake. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Likigonga mtu, mtatafutwa ninyi. Bima yenu nayo isihesabiwe kuwa imehamia kwa mwenye gari mpya. Yeye akate yake kabla ya kulitoa barabarani.

Je, wenzetu walifanya nini? Walikubaliana kuliuza gari, nusu ya pesa inunue tangi la maji la makao, na nusu iwasaidie kupata gari dogo. Lakini ahadi ilikuwa imetolewa hadharani. Yule bwana aliogopa kuchekwa, akakumbuka pia Anania na Safira. Nikamwambia asome tena Matendo ya Mitume sura ya 5. Wale wawili hawakuhukumiwa kwa kubakiza sehemu. Walihukumiwa kwa kusema uongo. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kigango, akaeleza yote na kukiri kwamba hakumshauri mkewe. Mkewe akainuka, akasimama kando yake. Siku hiyo hapakuwa na vigelegele vingi, lakini walirudi nyumbani wakizungumza.

Maswali ya kujadili usiku wa leo:

- Ni zawadi gani niliyowahi kutoa bila wewe kujua?
- Kuna kitu nyumbani ambacho mwingine anakihitaji kuliko sisi?
- Tukitoa, tunatafuta kusaidia au kusifiwa?

Sala: Ee Bwana, uliyemwona mjane na senti zake mbili, utufundishe kutoa kwa moyo mmoja, kwa ukweli na kwa furaha. Amina.