Elimujinai Mtandaoni na Lugha ya Kizimbani: Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

1. Utangulizi

Taaluma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mwanafunzi kufunga virago na kuhamia chuoni, leo husomewa nyumbani kwa tarakilishi. Miongoni mwazo ni elimujinai, yaani uchunguzi wa kitaaluma kuhusu uhalifu, chanzo chake na namna jamii inavyoukabili, pamoja na mfumo wa haki jinai, unaohusu kazi za polisi, mahakama na magereza. Askari wa zamu ya usiku, karani wa mahakama na mwalimu wa shule ya msingi waweza kuisomea shahada hii pasi na kuacha kazi zao.

Makala hii haikusudii kuisifu wala kuibeza njia hiyo ya kusoma. Inalenga kujibu swali moja: mwanafunzi anayejifunza taaluma hii kwa Kiingereza mbele ya tarakilishi, amejiandaaje kuitumia mbele ya mtu anayejitetea kwa Kiswahili? Tunashikilia kwamba asiyeimudu lugha ya kizimbani, hata akihitimu kwa alama za juu, elimu yake ina pengo. Kuliziba pengo hilo ni kazi inayotuhusu sisi tunaosoma Kiswahili.

2. Elimu ya masafa na kiu ya haki

Kusoma kutoka mbali si jambo geni. Tangu mwaka 1858, Chuo Kikuu cha London kiliwaruhusu watu wasiohudhuria vyuo vyake kufanya mitihani ya shahada. Nelson Mandela alihitimu shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, angali kifungoni. Hapa kwetu, baadhi ya wafungwa na maafisa wa magereza katika Gereza la Kamiti wamesomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa njia hiyo hiyo ya masafa. Mtandao, basi, haukuianzisha njia hii bali umeifupisha: mhadhara uliosafiri kwa posta majuma kadhaa sasa hufika papo hapo.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba elimujinai si sheria. Anayehitimu elimujinai hawi wakili. Mwanasheria huuliza iwapo kosa limethibitishwa. Mwanaelimujinai huuliza kwa nini kitendo hicho kikaitwa kosa, nani hukitenda, na adhabu humfanyia nini. Ndiyo maana masomo yake huanza na Cesare Beccaria wa Italia, aliyeandika mwaka 1764 kupinga mateso na hukumu ya kifo; yakaja kwa Cesare Lombroso, ambaye mwaka 1876 alidai kuwa wako watu wanaozaliwa wahalifu na hutambulika kwa maumbile yao, dai ambalo wataalamu walilitupilia mbali baadaye; kisha yakafika kwa Robert Merton wa Marekani, aliyeeleza mwaka 1938 kuwa jamii inayomhimiza kila mtu atajirike huku ikiwafungia wengine milango ya halali huzaa uhalifu.

Wa nne ni Howard Becker. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 alifafanua kwamba ukengeushi haumo ndani ya kitendo chenyewe, bali hutokana na jina ambalo jamii humbandika mtendaji. Nadharia hii mwanafunzi wa Nairobi au Kisumu hahitaji kuvuka bahari ili aielewe. Neno moja, "Mwizi!", likipaazwa sokoni, humhukumu mtu kabla hajasikilizwa, na pengine humwondolea uhai. Wahenga walishatuonya kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Hapo nadharia ya Marekani na methali ya Kiswahili hukutana, lakini mhadhara wa mtandaoni hauwezi kumwonyesha mwanafunzi makutano hayo. Sharti ayatafute mwenyewe.

3. Uzito wa maneno "ni kweli"

Tuchukue mfano wa kubuni. Juma anamdai jirani yake pesa. Jirani amekataa kulipa, naye Juma anaichukua baiskeli yake mchana kweupe akiamini ana haki ya kuizuia hadi alipwe. Anakamatwa na kushtakiwa kwa wizi. Shtaka linasomwa kwa Kiingereza, mkalimani anafasiri, kisha anamwuliza: "Ni kweli au si kweli?" Juma anajibu: "Ni kweli, niliichukua."

Je, Juma amekiri wizi? Kwa mujibu wa kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, anayeiba ni yule anayechukua kitu kwa ulaghai na bila dai la haki. Juma amekiri kuchukua, hajakiri kuiba. Kitenzi "chukua" kinaeleza tendo tu, ilhali "iba" kinaeleza tendo pamoja na nia. Iwapo mkalimani atafasiri jibu lake kwa maneno mawili tu ya kukubali, nusu ya pili ikadondoka, Juma aweza kwenda gerezani kwa sababu ya fasiri iliyokatwa.

Hatari hii ilitambuliwa zamani. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka hatua za kufuatwa: shtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake yaandikwe jinsi alivyoyatamka kadiri iwezekanavyo, maelezo ya kosa yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akisema jambo linalotia shaka hatia yake, hakimu abadilishe na kuandika kwamba amekana.

Katiba ya mwaka 2010 iliimarisha kinga hiyo. Ibara ya 49 yataka anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 50 yampa haki ya mkalimani bila malipo. Kwa wenzetu wa Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hapa Kenya, mahakama za chini zaweza kutumia Kiingereza au Kiswahili, lakini kumbukumbu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kila siku haki ya mtu hupita katika daraja la tafsiri. Wapo pia wasiokielewa Kiswahili, ambao daraja lao huwa refu zaidi.

4. Utajiri wa istilahi

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa taaluma hii. Dai hilo halina mashiko. Mtazame mtu mmoja anavyobadilika jina kadiri anavyosogea katika mfumo: akidhaniwa ametenda kosa ni mshukiwa, akisomewa shtaka ni mshtakiwa, akizuiliwa gerezani akingoja hukumu ni mahabusu, akitiwa hatiani na kufungwa ni mfungwa. Anayemwita mahabusu "mfungwa" hajakosea msamiati tu. Amemnyang'anya haki ya kudhaniwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Vivyo hivyo, "kosa" ni pana, kwani hata tahajia ina makosa. "Dhambi" ni ya dini. "Jinai" ni kosa linaloadhibiwa na dola. Na "hatia" ni hali ya aliyethibitishwa kukosa. Tatizo lipo katika neno "haki", linalobeba dhana mbili: stahili ya mtu na uadilifu wa mfumo. Istilahi "haki jinai", iliyotumiwa katika jina la tume ya rais iliyoundwa Tanzania mwaka 2023, yafaa kuenziwa kwa kuwa ni fupi na haitatanishi.

5. Mapendekezo

Kwanza, anayesomea elimujinai mtandaoni ahudhurie mahakama iliyo karibu naye. Kesi husikilizwa hadharani, na kiti cha nyuma hakilipiwi ada. Asikilize jibu la mshtakiwa, kisha alilinganishe na fasiri ya mkalimani.

Pili, kila nadharia anayoisoma aieleze kwa Kiswahili katika aya moja, bila kukopa neno la Kiingereza pasipo haja. Atakaposhindwa, atagundua aidha upungufu wa istilahi au upungufu wa uelewa wake mwenyewe.

Tatu, vyama vya Kiswahili vyuoni viandae faharasa za istilahi za jinai kwa kushirikiana na wanafunzi wa sheria na wakalimani, si kwa kujifungia maktabani.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mtandao waweza kumfikishia mwanafunzi mawazo ya Beccaria na Becker, ila hauwezi kumsikilizia Juma. Kusikiliza huko ni ujuzi wa lugha. Mwanafunzi wa Kiswahili anayedhani taaluma yake haimpeleki kokote ila darasani na azuru mahakama asubuhi moja. Atakuta watu ambao uhuru wao unaning'inia kwenye tofauti ya vitenzi viwili.