Uandishi wa Kiuamilifu: Maagizo (Mfano wa Jiko la Kuni la Mikebe)

Maagizo ni maelezo yanayomwongoza mtu kutekeleza jambo hatua kwa hatua. Katika karatasi ya Insha (102/1), swali la kwanza ni la lazima na huwa la uandishi wa kiuamilifu. Maagizo ni mojawapo ya tungo unazoweza kukutana nazo hapo.

Watahiniwa wengi huuona utungo huu kuwa mwepesi, kisha wakapanga hatua ovyo na kuchelewesha tahadhari. Tazama mfano huu:

"Choma mkebe ili rangi itoke. Kabla ya kuuchoma, hakikisha haukuwa na petroli."

Anayefuata maagizo haya neno kwa neno ataungua kabla ya kufika sentensi ya pili. Kumbuka kuwa msomaji wa maagizo hutenda huku akisoma.

Sifa za maagizo

1. Huwa na kichwa kinachotaja jambo litakalofanywa.
2. Hutaja vifaa vyote mwanzoni, pamoja na vipimo.
3. Hutoa tahadhari kabla ya hatua inayohusika.
4. Hufuata mpangilio wa kutenda, na hatua hupewa nambari.
5. Hutumia vitenzi vya kuamuru: kata, kunja, jaza. Ukanushi wake ni usikate, usijaze. Usichanganye na "mtu anakata" au "tulikata".
6. Hutumia sentensi fupi zisizo na tamathali za usemi.

Swali la mfano

Kikundi cha vijana mtaani kwenu kinatengeneza majiko ya kuni kwa vyombo vya bati vilivyotumika. Andika maagizo yatakayobandikwa ukutani mwa karakana yao. (Alama 20)

Jibu la mfano (limefupishwa, katika mtihani zingatia idadi ya maneno uliyoagizwa)

JINSI YA KUTENGENEZA JIKO LA KUNI KWA DEBE NA MIKEBE

Vifaa
• Debe moja la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kupikia
• Mikebe miwili ya kipenyo cha sentimita 10 na mmoja wa sentimita 8, yote iliyokuwa na chakula
• Jivu la kuni, kavu na lililochungwa
• Kipande bapa cha chuma na vyuma vitatu vifupi vya kuinulia sufuria
• Mkasi wa bati, nyundo, msumari, koleo na tupa
• Glavu nene na miwani ya kukinga macho

Tahadhari kabla ya kuanza
• Usitumie chombo kilichokuwa na petroli, thina au dawa ya wadudu, hata kama kimeoshwa. Mvuke uliosalia unaweza kulipuka au kudhuru.
• Usitumie mabati ya paa wala ndoo iliyopakwa zinki. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaosababisha kikohozi na homa.
• Usipashe moto chombo kilichozibwa. Hewa iliyo ndani hupanuka na kukipasua.

Hatua
1. Vaa glavu na miwani.
2. Kata kifuniko cha debe, ukihifadhi. Kunja kingo zote kali kwa koleo, kisha uzipige tupa. Fanya hivyo kila unapokata.
3. Chukua mkebe mkubwa wa kwanza na uuache na kitako chake. Toboa ubavuni, karibu na kitako, tundu la kutosha mkebe mdogo.
4. Kata kitako cha mkebe mkubwa wa pili. Uchane ukingo wake wa chini kwa urefu wa sentimita 2, kisha uuchomeke juu ya wa kwanza. Hilo ndilo bomba la moto.
5. Simamisha bomba kando ya debe, midomo yake ikilingana. Chora kwenye debe mahali penye tundu, kisha ukate.
6. Jaza jivu hadi chini ya tundu la debe. Simamisha bomba katikati.
7. Ondoa kitako cha mkebe mdogo. Upenyeze kupitia debe hadi ndani ya bomba.
8. Jaza jivu kuzunguka bomba. Usitumie udongo mzito. Hunyonya joto, ilhali jivu hulizuia lisipotee.
9. Kata tundu la bomba kwenye kifuniko ulichohifadhi, kisha ufunike jivu.
10. Laza chuma bapa ndani ya mkebe mdogo. Kuni zitakaa juu yake na hewa ipite chini.
11. Panga vyuma vitatu juu ya kifuniko ili sufuria iinuke sentimita 2 hivi. Sufuria ikiziba bomba, moto utafuka moshi.

Tahadhari wakati wa kutumia
• Washa jiko mara ya kwanza nje, bila chakula, hadi rangi na mafuta yaliyosalia yaungue.
• Pika nje au mahali penye hewa ya kutosha. Usilale na jiko chumbani: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua.
• Weka jiko mahali tambarare, mbali na watoto, na mchanga uwe karibu.
• Kagua bomba mara kwa mara. Bati likitoboka, badilisha mkebe.

Zingatia

Hatua ya 2 inasema "ukihifadhi" kwa sababu kifuniko kinahitajika katika hatua ya 9. Kabla ya kuandika, tekeleza kazi yote akilini na ujiulize: je, kila kifaa kinachotumika kimetajwa? Je, kila sehemu imetengenezwa kabla ya kuhitajika?

Maswali ya marudio

1. Taja tahadhari mbili zilizotolewa pamoja na sababu. Sababu hizo zina umuhimu gani kwa msomaji?
2. Andika hatua ya 6 na ya 8 kwa wingi, ukilihutubia kundi.
3. "Mimina mafuta ya taa kwenye makaa kisha ujihadhari." Eleza kasoro mbili za agizo hili, kisha uliandike upya.
4. Andika maagizo ya kutumia jiko la gesi nyumbani kwa usalama. (Maneno 400)