Kutoka Lindi hadi Ng'ambo: Hesabu Saa Kabla ya Kufunga Sanduku

Chukua tiketi inayosema unaondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25. Wengi hutoa haraka na kusema safari ni ya saa saba. La hasha. Kila uwanja huandikwa kwa saa za kwao. Majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo saba na nane: 15 angani. Kiangazi tofauti ni saa saba, maana Wamarekani husogeza saa zao mbele mwezi Machi na kuzirudisha Novemba. Sisi hatugusi zetu. Anayekwenda Jeddah, Riyadh au Doha ameponea hesabu hii, kwani saa zao ni zetu. Dubai wako mbele kwa saa moja tu.

Kama bado huna tiketi, tafuta umbali kwa kilomita, ugawanye kwa 850, kisha uongeze dakika 45 za kupaa na kutua. Dubai ni kama kilomita 3,550, basi saa tano hivi. London, kama 6,830, ni saa tisa kasoro. New York, kama 11,850, inakaribia 15. Kurudi kutoka huko huwa kufupi kidogo, kwa sababu pepo za juu huko kaskazini huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege.

Ukipitia uwanja mwingine, usipime mstari wa moja kwa moja. Nairobi hadi Doha ni kama 3,350, na Doha hadi New York karibu 10,770. Umeongeza zaidi ya kilomita 2,000, na bado hujahesabu kungoja. Bei ikiwa nafuu sana, uliza kwanza utangoja saa ngapi.

Sasa njia ya kutoka nyumbani, hapa mtaani Lindi, Nairobi, ambayo ndiyo huwakosesha watu ndege. Zile ndogo tunazozisikia juu ya mabati ni za uwanja wa Wilson, hapo tu Barabara ya Lang'ata. Wewe unakwenda uwanja wa JKIA, Embakasi. Kwa matatu ni kushuka mjini kwanza, kisha namba 34, na makanga atakutoza nauli ya sanduku kubwa. Teksi nayo haiingii vichochoroni. Patana na dereva mkutane barabarani, na mvua ikinyesha mtafute kijana wa kukubebea, maana magurudumu ya sanduku hayafui dafu kwenye matope.

Ndege ya 01:15 Jumanne ni ya usiku wa kuamkia Jumanne. Unaondoka nyumbani Jumatatu. Uwanjani uwe umefika saa tatu kabla, yaani saa nne na robo usiku, na langoni abiria hushuka garini kukaguliwa, wakati mwingine kwa foleni ndefu. Kwa hiyo saa mbili usiku uwe tayari umetoka Lindi, au mapema zaidi ikiwa ni mwisho wa mwezi na kunanyesha.