Je, Ncha za Dunia Zikigeuka Kutakuwa na Giza? Ushahidi wa Mawe ya Olduvai



Wapendwa wasomaji, kuna ujumbe unaozunguka katika makundi ya simu ya jumuiya ndogondogo, nao umefika hadi vigango vya Msangano. Unasema wanasayansi wamegundua kwamba ncha za sumaku za Dunia zinakaribia kugeuka, kaskazini iwe kusini, na kwamba hapo ndipo zitakapotimia zile siku tatu za giza. Mwishoni waumini wanaagizwa wanunue mishumaa iliyobarikiwa na kuwatumia ujumbe watu wengine kumi. Wapo waliotuuliza kama kuna haja ya kupanda mpunga msimu huu. Swali hilo si la kuchekwa. Mkulima akiacha kulima kwa hofu, watoto ndio watakaolala njaa.

Tuseme mapema kwamba sehemu moja ya ujumbe huo ni kweli. Ncha za sumaku zimewahi kugeuka, tena mara nyingi sana, na mmoja wa ushahidi mashuhuri wa jambo hilo umetoka hapa hapa Tanzania.

Kwanza, sumaku hiyo inatoka wapi? Wengi wetu tumekwenda kukiona kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi kwenye kilima cha Marengi. Ni pande la tani zipatazo 16, lenye urefu wa kama mita 3. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Kimondo hicho kimetoka angani, si kipande cha kiini cha Dunia yetu kama tulivyowahi kusikia wengine wakisema, lakini kinatusaidia kuelewa, maana mchanganyiko wa namna hiyo ndio ulio katikati ya Dunia. Ungeweza kuchimba kwenda chini kilomita 2,900, yaani kama mara tatu ya safari ya Tunduma hadi Dar es Salaam, ungeikuta bahari ya chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho kinapanda na kushuka kwa joto kama uji unaochemka, na mzunguko wa Dunia unakipa mwendo wa kujisokota. Kwa kuwa chuma hupitisha umeme, mwendo huo huzalisha umeme, na umeme huzalisha uga wa sumaku. Ni dainamo, kama ile ya baiskeli, isipokuwa hii haina mtu wa kukanyaga pedali.

Sasa, tunajuaje uga huo ulikuwaje zamani? Fikirini tanuri la matofali. Udongo una chembe ndogo za madini ya chuma, mojawapo ikiwa magnetiti. Joto likipita nyuzi 580 hivi za Selsiasi, magnetiti hupoteza sumaku yake. Tofali likipoa, sumaku hurudi, nayo hufuata mwelekeo wa uga wa Dunia wa siku ile ile. Lisipochomwa tena, mwelekeo huo hubaki ndani yake karne na karne. Wataalamu wamesoma kwa njia hii sakafu za udongo za nyumba zilizoungua katika bonde la mto Limpopo, nyumba za wakulima walioishi kati ya miaka ya 1000 na 1600 hivi. Anayechoma matofali Msangano leo naye anaacha kumbukumbu, ingawa anachowaza ni bei tu.

Lava ya volkano hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1906 Bernard Brunhes, mwanafizikia Mkatoliki wa Ufaransa ambaye ndugu yake Gabriel alikuja kuwa Askofu wa Montpellier, alipima lava ya kale pamoja na udongo uliochomwa na lava hiyo. Vyote viwili vilielekea kinyume na uga wa leo. Hoja yake ilikuwa na nguvu hapo: lava na udongo ni vitu tofauti kabisa, na kama vimekubaliana, basi kilichokuwa kinyume ni uga wenyewe. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama alionyesha kwamba miamba ya kinyume ina umri wake maalumu, haikutawanyika ovyo katika nyakati zote.

Hapo ndipo Olduvai inapoingia. Mwaka 1959 Mary Leakey alifukua katika bonde lile fuvu la Zinjanthropus. Mwaka 1961 ukatangazwa umri wa tabaka lake: karibu miaka milioni 1.75. Umri huo ulipatikana kwa kupima potasiamu, ambayo ndani ya jiwe la volkano hugeuka taratibu kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Kisha mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay wakapima sumaku ya basalti iliyo chini ya tabaka hizo, wakakuta imeelekea kama dira ya leo. Kumbe ndani ya kipindi kirefu cha kinyume, ambacho sasa kinaitwa Matuyama, kulikuwa na kipindi kifupi cha mwelekeo wa kawaida, tangu miaka milioni 1.95 hadi milioni 1.78 hivi iliyopita. Dunia nzima inakiita kipindi cha Olduvai. Mtaalamu anayetoa tope chini ya bahari ya Pasifiki analitafuta jina hilo la Kitanzania ili ajue tope lake lina umri gani. Sisi wenyewe mara nyingi tunaijua Olduvai kwa mafuvu tu.

Mgeuko kamili wa mwisho ulitokea kama miaka 780,000 iliyopita. Haukuja usiku mmoja, kwa maana kazi hiyo huchukua miaka elfu kadhaa. Ni kweli uga wa leo umepungua kwa karibu asilimia 9 katika miaka 200, lakini umewahi kupungua na kupanda bila kugeuka. Ukidhoofu sana, watakaopata kazi ni wahandisi wa setilaiti na wa nyaya ndefu za umeme. Mvua na mpunga havifuati dira. Na pale Olduvai, mabaki ya wanyama na ya binadamu wa kale yanaonekana kabla na baada ya mgeuko wa miaka milioni 1.78 iliyopita. Walikuwepo, wakapita salama.

Frateri atakayeulizwa kigangoni aseme pia kwamba siku tatu za giza ni habari ya mafunuo ya binafsi. Kanisa halimlazimishi mwamini yeyote kuyasadiki, na hakuna utabiri wa sayansi unaoyaunga mkono. Mshumaa uliobarikiwa ni kitu chema. Kuuuza kwa vitisho ni jambo lingine. Akiulizwa kuhusu hiyo miaka milioni, Dei Verbum ya mwaka 1965, namba 12, inatutaka tuangalie aina ya uandishi wa kila kitabu kitakatifu. Kitabu cha Mwanzo hakikuandikwa kutupatia umri wa basalti.

Iko sayari ambayo dainamo yake ilizimika kweli. Mirihi haina tena uga wa sayari nzima. Mwaka 1997 chombo cha Marekani, Mars Global Surveyor, kiliifikia, nacho kikakuta sumaku kali ndani ya miamba mikongwe ya kusini, wakati mabonde makubwa ya Hellas na Argyre, yaliyochimbwa na migongano ya kale, karibu hayana kitu. Wengi huchukua hilo kuwa dalili kwamba dainamo ilizimika karibu miaka bilioni 4 iliyopita, ingawa wapo wanaosema iliendelea hadi bilioni 3.7. Tangu hapo upepo wa Jua umechukua sehemu kubwa ya hewa yake, jambo ambalo chombo cha MAVEN kimelichunguza tangu 2014. Hata hivyo jua linachomoza na kutua Mirihi kila siku, na gari la Curiosity, lililotua huko mwaka 2012, limepiga picha zake nyingi mchana kweupe.