Wageni wa Ziwani na Nyumba za Kuwapokea

Kutoka Kiriri ziwa la Tanganyika laonekana wazi upande wa magharibi, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Sisi tukaao huku kilimani hulitazama kila asubuhi, lakini wachache wetu hufikiri kwamba pale ukingoni pana kazi. Nataka kueleza juu ya kazi hiyo, kwa kuwa nimeiona kwa macho yangu nyumbani kwa shangazi yangu, Kajaga, kwenye njia iendayo Gatumba.

Kumlaza mgeni kando ya ziwa si jambo jipya kwetu. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika Mugere, kusini ya mji huu, wakapokewa na chifu Mukamba. Jiwe lenye tarehe 25 Novemba 1871 lipo pale hata leo. (Shangazi anasema yeye angewaonyesha kwanza bei ya chumba.) Lakini katika siku za wazee wetu, mtu wa mjini alikwenda ufukoni Jumapili mchana tu, akala mukeke wa kuchoma, akarudi kwake kabla viboko hawajatoka majini. Mgeni wa mbali alilala hotelini.

Siku hizi desturi hiyo imegeuka. Wengi wa wageni wa shangazi ni Warundi wenzetu wakaao Ubelgiji na Kanada, ambao huja mwezi wa Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, kwa sababu ya harusi na kuwaona wazee. Hao hawaji wawili wawili. Huja baba, mama, watoto watano na bibi kutoka Gitega, nao hawataki vyumba vinne vya hoteli. Wataka nyumba moja yenye jiko, ua wa watoto kucheza, na kivuli cha kukaa jioni. Hupeleka ujumbe kwa simu miezi miwili kabla, wakiomba picha. Picha zile nilizipiga mimi, na la kwanza nililojifunza ni hili: nilificha choo kwa sababu mlango wake ulikuwa mbovu, na kila mtu akauliza juu ya choo. Tukatengeneza mlango, tukapiga picha upya.

Jambo la pili ni maji na taa. Mgeni husamehe kitanda kigumu, bali hasamehi kukosa maji ya kuoga. Kwa hiyo yafaa kuwa na tangi, taa za jua, na chandarua kwa kila kitanda. Tena apewe habari ya viboko na mamba siku ile ile afikapo, wala asiachwe aone mwenyewe usiku.

Sasa nafika kwenye somo lenyewe. Mwaka jana shangazi alitaka kujenga vyumba vitatu karibu kabisa na maji, kwa sababu wageni wote huuliza, "Ziwa li umbali gani?" Fedha alikuwa nazo, akiba ya miaka sita ya kuuza vitenge. Mimi nilikuwa nimesoma katika jiografia kwamba ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470, halina maji kupwa na kujaa kama bahari ya Mombasa. Ndiyo maana ladanganya. Mtu huona ufuko umetulia mwaka mzima, akadhani hautasogea. Mito mingi huingia, pamoja na Rusizi itokayo ziwa Kivu, lakini mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengine hupungua kwa kukaushwa na jua. Mvua zikizidi miaka kadhaa, ziwa hupanda polepole. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 lilipanda sana, hata 1964. Mwaka 2024 likapanda tena, likaingia bandarini Bujumbura na katika nyumba za Gatumba. Tena sheria ya maji ya 2012 yasema mita 150 kutoka ziwani ni mali ya umma.

Basi mimi na mtoto wa shangazi tulichukua kamba ya mita kumi, tukapima. Nyumba ya zamani ilikuwa mita 210 kutoka majini. Mahali pa vyumba vipya palikuwa mita 70. Nilipomwambia, alikasirika.

"Mwanangu, unanisomea vitabu, na jirani yangu amekwisha kujenga."

Nikamwomba twende kwa jirani huyo. Alama ya maji ya 2024 ilikuwa bado ukutani, juu ya goti langu, na mwenye nyumba alikuwa akipaka chokaa mara ya pili. Shangazi aliitazama alama ile kitambo, asiseme neno. Tulipokuwa tukirudi aliniuliza bei ya tangi la lita elfu tano.

Vyumba havikujengwa. Wageni wawili wa mwaka huu walilalamika kwamba ni mbali kutembea na watoto mpaka ufukoni, na mmoja akahamia kwa jirani. Shangazi ameniagiza nitafute mkokoteni wa kubebea watoto na mikeka, nami ninautafuta sokoni Buyenzi kila Jumamosi.