Kinyonga Jike Anapotaka Kutaga

Wasomaji wetu, hapana mtu katika nchi zetu asiyemjua kinyonga, lakini wanaomjua vema ni wachache. Wengi humwogopa wakidhani ana sumu. Wengine humchukia kwa ajili ya hadithi ya zamani, isimuliwayo na makabila mengi ya Kibantu, kwamba yeye alitumwa kuwaletea watu habari ya uzima, akakawia njiani, mauti yakatangulia. Hadithi ni hadithi. Kinyonga hana sumu hata kidogo, na kazi yake ni kula nzi, panzi na wadudu wengine.

Leo twataka kueleza jambo moja tu la maisha yake, yaani siku za jike kutaga. Walimu wengine huweka kinyonga shuleni ili watoto wamtazame na kujifunza, na mara nyingi jike hufa katika siku hizo, si kwa ugonjwa, bali kwa kukosa udongo wa kuchimba. Kabla ya kumweka, ulizeni kwanza idara ya wanyamapori, maana huyu ni mnyama wa porini, na hata biashara yake kati ya mataifa yatawaliwa na mkataba uitwao CITES.

Kinyonga tunayemtaja ni yule mwenye vikunjo viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, mfano wa masikio. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, naye ameenea Afrika ya Mashariki hata Afrika ya Kusini. Si vinyonga wote watagao. Yule wa milimani ambaye dume wake ana pembe tatu, aonekanaye Mlima Kenya na Mlima Meru, huzaa watoto walio hai. Mwenye kumfuga asingoje mayai.

1. Dalili zake

Jike mwenye mimba hunenepa ubavuni, na siku zikikaribia mayai huonekana chini ya ngozi kama karanga ndani ya mfuko. Akimwona dume hufura, hugeuka rangi kuwa nyeusi na kufungua kinywa. Basi msiwaweke pamoja. Halafu huacha kula, lakini maji ayataka. Mwisho, yeye ambaye siku zote hukaa juu ya matawi, hushuka chini, huzunguka huku na huku, na kuparua kwa miguu ya mbele. Hapo ajua kwamba saa yake imefika, na ninyi mjue.

Msidhani kwamba jike aliye peke yake hahitaji matayarisho haya. Jike wa namna nyingine, atokaye Yemeni na kufugwa sana Ulaya na Marekani, hutaga hata kama hajaonana na dume kamwe. Mayai hayo hayaanguliwi, lakini hapana budi yatoke.

2. Chakula na maji

Mayai hutaka kalsiamu, na mwili usipoipata huichukua katika mifupa ya mama. Akipungukiwa sana, hata nguvu ya kusukuma mayai hana. Chukueni maganda ya mayai ya kuku, yaosheni, yakausheni, yasageni kama unga, kisha nyunyizeni kidogo juu ya wadudu mnaompa. Na apate jua la asubuhi, pamoja na kivuli cha kukimbilia, maana bila jua kalsiamu haimfai. Msimpe wadudu waliookotwa katika shamba lililopigwa dawa. Maji ya bakuli hayatambui. Yeye hunywa matone juu ya majani, kama umande, basi nyunyizeni majani asubuhi na jioni.

3. Mahali pa kutagia

Tafuteni ndoo au sanduku, mtie udongo wa mchanga wenye kina cha sentimita 30 au zaidi, maana porini huchimba shimo refu. Udongo uwe na unyevu wa kadiri. Ufumbateni mkononi: ukishikamana bila kutoa maji, wafaa. Ukiwa mkavu shimo lake litabomoka. Ukiwa matope mayai yataoza. Sanduku hili liwekwe kabla ya dalili za mwisho, wala si baada yake.

4. Mwacheni peke yake

Hili ndilo neno kubwa kuliko yote. Kinyonga anayechimba hana silaha wala mbio. Akiona anatazamwa, huacha kazi, na huenda akayazuia mayai tumboni hata yakamwua. Funikeni upande wa watu kwa nguo, na watoto wakatazwe kuchungulia. Kazi yaweza kuchukua mchana kutwa, hata usiku. Atataga mayai 20 hata 50, wakati mwingine zaidi, kisha atafukia shimo, atashindilia udongo, na kupanda mtini. Hapo ndipo mumpe maji mengi, na chakula kizuri siku zifuatazo, maana amekonda sana.

Akichimba na kuacha mara kwa mara, akilala chini mchana amefumba macho, au macho yakididimia, mayai yamekwama. Msimkamue tumbo, maana mtayapasua ndani. Mpelekeni upesi kwa daktari wa mifugo.

5. Mayai

Maganda yake ni laini kama ngozi. Mkiyahamisha, kila yai lilale kama lilivyokuwa, upande wa juu ubaki juu. Kuku hugeuza mayai yake, lakini yai la kinyonga likigeuzwa, mtoto aliye ndani aweza kufa. Yawekeni kivulini katika udongo wenye unyevu, nanyi mwe na subira: hukaa miezi mingi, pengine karibu mwaka, kwa kadiri ya joto. Watoto hawalelewi na mama. Siku ile ile watokayo udongoni huanza kujitafutia.

Sasa twasema nanyi machifu na wazee. Mkimwona kinyonga mnene akivuka njia kwa mwendo wake wa pole, huenda ni mama ameshuka mtini kutafuta mahali pa kuchimba. Siku hiyo ndiyo ya hatari kuu kwake, maana yu chini, machoni pa watu, kuku na mbwa. Ampigaye jiwe hamwui mmoja, awaua pamoja na watoto hamsini. Wafundisheni vijana wasimame, wampishe apite.